Watoto Wetu na Siku za Michango Shuleni



Wiki hii nimeulizwa swali moja na watu watatu wa kanisa letu, kila mmoja kwa wakati wake. Swali ni hili: je, ni vizuri shule kuwaingiza watoto wetu katika zile siku za kitaifa za kuchangia wahitaji?

Unazijua hizo siku. Ujumbe unaingia kwenye kikundi cha wazazi: Ijumaa tunachangia watoto wagonjwa, au walioathiriwa na ukame, au waliofukuzwa na mafuriko. Kila mwanafunzi alete kiasi fulani. Atakayeleta ataruhusiwa kuja na nguo za nyumbani.

Wa kwanza kuniuliza alikuwa baba mmoja, fundi wa mbao. Yeye alisema shule ni ya masomo, na kama ni kusaidia, kanisa lipo. Wa pili ni dada yetu ambaye ni mwalimu. Akasema, "Pasta, tukiziondoa hizi siku, mtoto atajifunzia wapi kumhurumia mtu asiyemjua?" Wa tatu ni mama mwenye watoto watatu katika shule moja ya umma. Anafulia watu nguo. Huyo hakuja na hoja, alikuja na hesabu. Shilingi 50 mara tatu ni 150. "Pasta, hiyo ni unga." Halafu akaniambia kijana wake mkubwa, wa gredi ya sita, alimwambia Jumanne jioni: "Mama, Ijumaa nitakuwa mgonjwa."

Mpendwa, soma tena hayo maneno. Ni Jumanne, na mtoto mzima ameshajua ataugua Ijumaa.

Leo nataka niwajibu wote watatu, na wewe unayesoma ukae nasi. Kila mmoja wao ameshika kipande cha ukweli. Chukua Biblia yako, maana nitakutajia mafungu uyasome mwenyewe.

Tuanze na fundi wetu. Fungua Matendo 11, kuanzia mstari wa 27. Nabii Agabo anatabiri njaa kubwa, na Luka anatuambia ilikuja wakati wa Klaudio. Wanafunzi wa Antiokia wakafanya nini? Hawakusema Yudea ni mbali. Hawakusema hao si watu wetu. Walichangishana, wakatuma msaada kwa watu ambao wengi wao hawakuwa wamewahi kuwaona kwa macho. Kwa hivyo ndugu yangu, kuchanga pesa mji huu kwa ajili ya mwenye njaa wa mji ule si siasa wala si mtindo wa kisasa. Kanisa la kwanza lilifanya hivyo.

Na watoto? Angalia Yohana 6:9. Siku watu maelfu walipokuwa na njaa, chakula kilichopatikana kilikuwa mkononi mwa mvulana. Watu wazima walikuwa wanapiga hesabu ya bei ya mikate. Bwana hakumwambia yule mtoto arudi nyumbani mpaka awe mkubwa. Alipokea alichokuwa nacho.

Sisi Wakenya tuna ushuhuda wetu katika jambo hili. Mwaka 2011 ukame ulipobana kaskazini, na picha za Turkana zikaanza kuonekana kwenye televisheni, Msalaba Mwekundu wa Kenya pamoja na kampuni na vyombo vya habari walianzisha mchango wa Kenyans for Kenya. Lengo la kwanza lilikuwa shilingi milioni 500, na lilifikiwa haraka hata ikabidi liongezwe. Waliotoa si matajiri peke yao. Watu walituma shilingi kumi kumi kwa simu. Watoto wa shule nao walichanga. Kijana aliyekuwa darasa la tano mwaka ule leo ni mtu mzima, na anajua kwamba wakati mmoja alimlisha mtu wa Turkana ambaye hajawahi kumwona. Hilo somo huwezi kulipata kwenye kitabu.

Kuna sababu nyingine ya mimi kutaka shule iwemo. Kanisani kwetu mtoto hukaa na watoto wa washirika wenzetu. Darasani hukaa na Mkatoliki, na Mwislamu, na yule ambaye kwao hawaendi popote siku ya ibada. Ukame haumuulizi mtu dhehebu lake. Ni vizuri watoto hawa wajifunze kubeba mzigo pamoja kabla hawajakua na kufundishwa na watu wabaya kuogopana. Hata mtaala wetu wa sasa wa umilisi unataka mwanafunzi ajifunze kuihudumia jamii. Kwa hiyo mwalimu wetu, dada yangu, mimi nakuunga mkono. Shule na ishiriki.

Lakini sijamaliza. Kuna kijana wa gredi ya sita anayepanga kuugua.

Hebu tujiulize sare ya shule iliwekwa kwa nini. Iliwekwa ili mtoto wa daktari na mtoto wa mama mboga wakisimama gwarideni, usijue ni yupi. Sweta moja, kaptura moja, rangi moja. Sare humfunika mtoto maskini. Sasa tazama tunachofanya siku ya huruma. Tunasema aliyelipa avae nguo za nyumbani, asiyelipa aje na sare. Ile nguo iliyokuwa inamfunika ndiyo inageuka kuwa alama yake. Saa mbili asubuhi shule nzima imeshajua, kwa macho tu, ni nani kwao hawakuwa na shilingi 50. Siku tuliyoitenga kumkumbuka maskini wa mbali tunaitumia kumuaibisha maskini wa darasani.

Na hata mtoto akilipa, bado kuna mtihani wa pili. Nguo za nyumbani ni zipi? Mmoja atakuja na viatu vipya vinavyowaka taa. Mwingine nguo yake nzuri ya pekee ndiyo hiyo sare.

Hili si jambo dogo kwa Mungu. Soma Yakobo 2, mistari minne ya kwanza. Yakobo anazungumzia watu wanaopimwa kwa mavazi yao mahali pa kukutanikia, na anawakemea wanaopima. Kisha nenda 1 Wakorintho 11:22. Wakorintho walikuwa kwenye meza takatifu, meza ya Bwana mwenyewe, na Paulo anakataa kuwasifu. Kwa nini? Kwa sababu wasio na kitu walikuwa wanaaibishwa pale pale mezani. Ukitafakari utaona kwamba jambo linaweza kuwa takatifu, na namna ya kulifanya ikawa ya kumwumiza mtu.

Mimi nilisoma shule ya msingi miaka ya 1980 kwenda 1990. Wa umri wangu mnakumbuka. Harambee ni neno zuri, liko kwenye nembo ya taifa letu, na kuna shule nyingi nchi hii zilizojengwa kwa mawe na jasho la wananchi kwa sababu ya neno hilo. Lakini tulifika mahali mchango ukawa kama kodi. Watu walichangishwa wapende wasipende. Nakumbuka asubuhi moja tukitolewa nje ya darasa, wale ambao hatukuwa tumeleta pesa za harambee, tukarudishwa nyumbani. Mama yangu alikuwa shambani. Aliniona nikija kwa ile njia, akajua, akaketi chini. Hakunigombeza. Mpaka leo sijui harambee ile ilikuwa ya kujenga nini. Ninachokumbuka ni mama akiketi chini.

Ndiyo sababu nakuambia mtoto hasahau. Unaweza kudhani unamfundisha ukarimu, kumbe yeye anajifunza aibu.

Neno la Mungu linasemaje kuhusu kiasi? Wengine watakunukulia Kutoka 30:15, pale ambapo tajiri na maskini wote walitakiwa kutoa nusu shekeli, bila kuongeza wala kupunguza. Ni kweli imeandikwa. Lakini soma sura yote. Ile ilitolewa watu walipohesabiwa, kwa kila mwanamume wa miaka 20 na zaidi. Watoto hawakuhesabiwa. Sasa linganisha na Walawi 5, kuanzia mstari wa 7. Asiyeweza mwana-kondoo, alete ndege wawili. Asiyeweza ndege wawili, alete unga kidogo. Mungu mwenyewe aliweka ngazi ili asiwepo mtu wa kufukuzwa mlangoni. Na Luka 2:24 inatuonyesha nani alitumia ngazi ya namna hiyo: Yusufu na Mariamu, walipompeleka mtoto Yesu hekaluni, walitoa ndege. Bwana wetu aliingia nyumba ya Mungu kwa sadaka ya watu wasio na uwezo. Je, tungempanga kwenye mstari gani siku ya nguo za nyumbani?

Rudi Antiokia. Luka anasema kila mtu alitoa kwa kadiri ya alivyofanikiwa. Paulo naye katika 2 Wakorintho 9:7 anataka mtu atoe alichokusudia moyoni, bila huzuni na bila kushurutishwa. Mchango wenye kiwango kimoja kwa wote, unaodaiwa kwa mtoto mbele ya wenzake, haujafika hapo. Huo ni ada. Tuuite ada, tusiuite huruma.

Hata sheria ya nchi iko upande wa huyu mama. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inasema mtoto asizuiwe kuhudhuria shule ya umma kwa sababu malipo ya ziada hayajalipwa, na anayekusanya malipo hayo lazima atoe stakabadhi rasmi. Mzazi, jua haki yako. Uidai kwa adabu, lakini uidai.

Kuna jambo la tatu ambalo hakuna aliyeniuliza, nalo linanisumbua. Ni yule anayechangiwa.

Kule Uingereza wana siku inaitwa Red Nose Day, ilianza 1988. Wanafunzi wengi huvaa pua nyekundu za kuchekesha, wanachanga, na sehemu ya pesa hizo imefika hapa Afrika na kusaidia watu. Hatuwezi kukataa hilo. Lakini mwaka 2019 mbunge wao David Lammy alilalamika hadharani kuhusu picha za mtu mashuhuri kutoka kwao akiwa amembeba mtoto wa Uganda. Alisema picha za namna hiyo zinawafundisha watu kuiona Afrika kama mahali pa kuhurumiwa tu. Wengi wetu tulikubaliana naye. Tulisema Afrika si ombaomba.

Sasa mpendwa, sisi tunafanyaje? Tukitaka watoto wa hapa wachangie Turkana au Marsabit, tunawaonyesha picha gani? Mtoto uchi, mbavu nje, inzi usoni. Hana jina. Halafu kijana wa kutoka Lodwar akihamia shule ya huku, wenzake wanamjua kwa picha hiyo. Mithali 14:31 inatukumbusha kwamba anayemdharau maskini amemgusa Muumba wake. Mfundishe mtoto kwamba watu wa kaskazini ni wafugaji hodari, wana akili, wanajua nyota na visima kuliko wewe, na kwamba mvua ilikosekana misimu mitano mfululizo kuanzia mwisho wa 2020 hadi 2022. Mtu yeyote angeanguka. Akielewa hivyo, atatoa kwa heshima. Na ajue pia kwamba anayechangiwa anaweza kuwa ameketi dawati la pili. Mtoto mwenye ugonjwa wa moyo au saratani ana darasa lake na wenzake wanaomjua.

Jambo la nne ni hesabu. Fundi wetu aliniambia pia, "Pasta, hizo pesa huliwa." Siwezi kumlaumu kwa kuwaza hivyo katika nchi hii. Lakini Paulo hakuacha kuchangisha kwa sababu ya wezi. Soma 2 Wakorintho 8:18-21. Alihakikisha mchango unasafiri na ndugu wanaoaminika, zaidi ya mmoja, ili mambo yawe safi mbele za Mungu na mbele za watu pia. Shule ikichangisha Ijumaa, Jumatatu gwarideni watoto waambiwe: tulipata kiasi hiki, kimetumwa kwa fulani, stakabadhi hii hapa. Mtoto akitoa halafu asisikie tena, tumemfundisha kwamba pesa za maskini zikishatolewa hazifuatiliwi. Tusishangae akiwa mkubwa na ofisi.

Sasa nini kifanyike? Nitasema wazi.

Mwalimu, kama shule yako itashiriki, ondoa kiwango. Weka sanduku lililofungwa, mtoto apite atumbukize alichonacho au apite tu, asijue mtu. Bwana alisema katika Mathayo 6 tusipige tarumbeta. Usisome majina. Usishindanishe madarasa. Kama ni nguo za nyumbani, ziwe za wote, au sare iwe ya wote.

Fungua pia njia za kutoa zisizo za pesa. Barua kwa mtoto aliyelazwa. Kufagia na kupanda miti kwenye zahanati. Na kwa shule za sekondari iko njia moja ambayo mtoto wa tajiri na wa maskini husimama sawa kabisa: damu. Hapa Kenya mwenye miaka 16 na kilo 50 anaweza kutoa damu akiwa na afya njema. Kwa miaka mingi wanafunzi wa sekondari wamekuwa nguzo ya benki zetu za damu, na shule zilipofungwa mwaka 2020 kwa ajili ya korona, upungufu ulionekana. Painti moja ni painti moja. Haina ya bwenyenye wala ya mama anayefua.

Mzazi mwenye nacho, usimpe mtoto wako noti ya elfu akaonyeshe. Mpe kidogo, na umfanye akifanyie kazi. Hiyo nyingine mpelekee mwalimu kimya kimya, iwe ya wale ambao hawakuleta kitu, bila mtoto wako kujua na bila wao kujua.

Mzazi usiye nacho, usikope kwa ajili ya mchango wa hiari, na usimfundishe mtoto uongo wa ugonjwa. Mwambie mwalimu ukweli: "Mwalimu, wiki hii sina." Hayo maneno hayana dhambi. Yule mjane wa Marko 12 alikuwa na senti mbili, akazitoa kwa moyo wake. Hakuna aliyemsimamisha getini kumdai.

Kuhusu yule mama wetu, nitakuambia nilichofanya. Ningeweza kumtumia zile 150 kwa simu, jambo likaisha. Lakini katika darasa la kijana wake wako wengine ambao mama zao hawana namba ya pasta. Kwa hiyo Jumatano nilikwenda na wazazi wawili kumwona mwalimu mkuu. Alitupokea vizuri. Alieleza kwamba yeye pia ameletewa barua kutoka juu na anaogopa shule yake ionekane haikuchangia. Nikaona kwamba hata yeye yuko kwenye mstari wa kuaibishwa, kama wale watoto. Tulizungumza karibu saa nzima. Hakukubali yote. Suala la kiwango alisema litaenda kwa bodi, na huko tutalifuata. Lakini kwa Ijumaa hii alikubali moja: nguo za nyumbani ni kwa kila mtoto, aliyeleta na asiyeleta.

Ni hatua ndogo, ila kwa kijana fulani ni tofauti kati ya kwenda shule na kulala kitandani akijifanya ana homa.

Kwa hiyo jibu langu kwa wote watatu ni hili. Shule na zishiriki, maana mtoto asiyefundishwa kutoa atakua bila kujua kwamba ana jirani. Lakini huruma ianze na aliye karibu. Kama mkusanyiko wetu unamlisha mmoja mbali na kumvunja mwingine hapa, tumejenga kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mwingine.

Kama mtoto wako ana siku kama hiyo wiki hii, keti naye usiku wa kuamkia. Mwulize, "Unajua hizi pesa zinamwendea nani?" Kama hajui, mtafute jibu pamoja. Mwulize pia, "Darasani kwenu kuna ambaye hataleta? Utamfanyia nini?" Msikilize anachojibu. Kisha mwombe pamoja.

Tuombe. Baba, tunakushukuru kwa watoto uliotupa. Wape mikono iliyo wazi na macho ya kumwona aliye karibu nao. Wafunike wale ambao hawana kitu cha kupeleka, asiwepo wa kuwacheka. Wape walimu hekima na ujasiri. Wakumbuke walio na njaa na walio wagonjwa leo, kwa majina yao ambayo wewe unayajua. Katika jina la Yesu. Amina.

Kama wewe ni mwalimu au mjumbe wa bodi ya shule, nipigie. Ningependa tuzungumze kabla ya barua nyingine kuja.